Uchi, Uhalisia na Mtumishi Aliyeitwa Mtumwa: Kuisoma Upya Olympia ya Manet

Katika historia ya uchoraji wa Ulaya ni picha chache zilizotukanwa hadharani kama Olympia ya Edouard Manet, na ni chache zaidi zilizokuja kutukuzwa baadaye kwa kiasi hicho hicho. Manet aliichora mwaka wa 1863 kwa rangi za mafuta, akaipeleka katika maonyesho makuu ya sanaa ya Paris, yaliyojulikana kama Salon, mwaka wa 1865. Hivi leo imetundikwa katika Makumbusho ya Orsay mjini humo, na vitabu vingi vya historia ya sanaa huihesabu miongoni mwa kazi zilizoufungua mlango wa usasa. Makala haya hayanuii kuipinga hukumu hiyo. Yananuia kuonyesha kwamba hukumu yenyewe ilifikiwa kwa kusoma nusu ya picha, na kwamba mgawanyo uliouwezesha usomaji huo ni ule ule ambao sisi wahakiki wa fasihi ya Kiswahili tumeuzoea mno hata hatuuhoji tena: fani upande huu, maudhui upande ule.

Yafaa kwanza tuieleze picha. Turubai ina upana unaokaribia mita mbili. Mwanamke Mzungu, mdogo wa umbo, amejinyoosha juu ya kitanda chenye shuka nyeupe na shali iliyotariziwa maua. Hakuvaa nguo, lakini si kwamba hakuvaa kitu: ana ua nywele zake, utepe mwembamba mweusi shingoni, bangili mkononi, na kiatu chepesi cha chumbani katika mguu mmoja, kwani cha pili kimemvuka. Mkono wake wa kushoto umeubana utupu wake kwa nguvu ya mtu anayefunga mlango. Anamtazama mtazamaji waziwazi, bila tabasamu. Miguuni pake kuna paka mweusi aliyepinda mgongo na kuinua mkia. Nyuma ya kitanda amesimama mwanamke Mwafrika, amevaa gauni lenye weupe wa kuelekea waridi, kitambaa kichwani na herini masikioni, ameshika shada la maua lingali katika karatasi yake. Anamtazama bibi aliyelala, bibi hamtazami.

Uchi peke yake haungeweza kuwa sababu ya zogo. Kuta za Salon zilijaa wanawake walio uchi kila mwaka. Mwaka ule ule wa 1863 Alexandre Cabanel alionyesha Kuzaliwa kwa Venus, mwanamke anayeelea juu ya mawimbi hali ya kuwa uchi kabisa, na Mfalme Napoleon III akainunua picha hiyo mwenyewe. Tofauti ilikuwa katika kisingizio. Mwanamke wa Cabanel alikuwa mungu, na mungu hana anwani mjini Paris. Visasili vya Kiyunani na Kirumi vilikuwa ndiyo stara: mwili ulionekana wote lakini jina liliuvika vazi, na bwana mwenye heshima zake aliweza kusimama mbele yake pamoja na mkewe akazungumzia ustadi wa mchoraji.

Hapa lugha yetu ina jambo la kutufundisha. Kenneth Clark, katika kitabu mashuhuri alichokichapisha mwaka wa 1956 kuhusu uchi katika sanaa, alijenga hoja yake juu ya maneno mawili ya Kiingereza, moja la mtu aliyenyang'anywa nguo akabaki na haya, na jingine la mwili uliotulia, uliotengenezwa upya na sanaa. Kiswahili hakina anasa hiyo. Tuna uchi na tuna utupu, na yote mawili huliita jambo kwa jina lake. Hatuna neno la uchi uliokwisha kutakaswa na fremu. Mfasiri wa Clark angetaabika sana. Lakini huenda taabu hiyo ingemkaribisha na ukweli wa Olympia kuliko Clark mwenyewe, kwa sababu alilolifanya Manet ni kuiondoa ile tofauti. Aliuchukua mkao wa Venus wa Urbino, picha ya Titian ya mwaka wa 1538 ambayo aliwahi kuinakili kwa mkono wake, akauacha mkao na kuuondoa umungu. Mbwa wa Titian, anayechukuliwa kuwa alama ya uaminifu katika ndoa, akawa paka. Kule nyuma, katika picha ya Titian, wako watumishi wawili: mmoja amepiga magoti akitafuta kitu sandukuni, na mwenzake amebeba gauni begani. Yaani uchi wa Venus ni wa muda, nguo zinakuja. Katika chumba cha Olympia hakuna sanduku. Kinacholetwa ni maua, na maua yametoka kwa mwanamume ambaye hatumwoni.

Mwanamume huyo yuko wapi? Hili ndilo swali lililowakera watazamaji wa 1865, ingawa wachache walilitamka. Picha imepangwa hivi kwamba anayesimama mbele yake anasimama pale pale ambapo angesimama mteja. Paka amemshtukia anayeingia. Macho ya mwanamke yanampima. Katika istilahi tuliyoizoea tungesema kwamba Manet alimhamisha mtazamaji kutoka nafsi ya tatu hadi nafsi ya pili. Jina lenyewe liliwasaidia watu wa Paris kuelewa: katika riwaya ya Alexandre Dumas mwana, iliyotoka mwaka wa 1848 na kusomwa sana, mmoja wa makahaba anaitwa Olympe. Tena biashara hiyo haikuwa siri ya mji. Serikali iliiandikisha na kuisimamia kupitia polisi, na wanawake waliokuwa katika orodha walilazimika kwenda kupimwa na daktari. Jamii iliyokuwa na daftari la makahaba wake ilikasirika kwa kuonyeshwa mmoja wao.

Matusi yalikuwa mengi. Wahakiki wa magazeti walifananisha ngozi ya Olympia na ya maiti iliyolazwa mochari. Mmoja wao alimwona kuwa sokwe jike aliyefinyangwa kwa mpira. Inasemekana walinzi waliwekwa kuizuia hadhira isiiharibu picha, na baada ya muda ikahamishwa na kutundikwa juu sana, juu ya mlango, mahali ambapo ilikuwa vigumu hata kuiona vizuri. Manet alimwandikia rafiki yake Baudelaire, aliyekuwa Brussels wakati huo, kulalamika. Baudelaire hakuwa mgeni wa mambo haya: mwaka wa 1857 mahakama ya Paris iliamuru mashairi sita yaondolewe katika diwani yake Les Fleurs du mal, na mwaka huo huo Flaubert alishtakiwa kwa ajili ya Madame Bovary akaachiliwa. Mshairi, mwandishi wa riwaya na mchoraji walikuwa wakitozwa faini moja katika sarafu tofauti. Kosa lao lilikuwa uhalisia, kwa maana ya kukataa kuyapeleka mambo ya leo katika zama za miungu ili yapate ruhusa ya kusemwa.

Msomaji atauliza kuhusu Gustave Courbet, kwani mwaka mmoja tu baada ya Salon hiyo, yaani 1866, alichora L'Origine du monde, picha inayoonyesha utupu wa mwanamke kwa ukaribu na uwazi ambao Manet hakuukaribia. Ndiyo, lakini picha hiyo ndogo ilichorwa kwa ajili ya mwanadiplomasia Khalil Bey, ikafichwa, ikapita mikononi mwa wenye mali mmoja baada ya mwingine, akiwamo Jacques Lacan, na haikuingia Orsay hadi mwaka wa 1995. Wazi zaidi, lakini faraghani. Haikumtahayarisha mtu yeyote mbele ya mkewe. Kashfa ya uhalisia hutegemea mahali na hadhira kama inavyotegemea kinachoonyeshwa, na wale wanaodhani uwazi wa kazi unaweza kupimwa kwa kuihesabu tu sehemu ya mwili iliyofunuliwa wanakosea hesabu.

Hadi hapa tumemzungumzia mwanamke mmoja, na hivyo ndivyo uhakiki ulivyofanya kwa zaidi ya miaka mia moja. Tumwendee wa pili, na tumwendee kwa njia ya matini, kwa sababu Olympia haikuonyeshwa bila maneno. Katika kitabu cha orodha ya Salon ya 1865 picha iliambatanishwa na mistari mitano ya shairi la Zacharie Astruc, rafiki wa mchoraji. Wanahistoria wa sanaa huwa na desturi ya kuitaja mistari hiyo na kuipita, wakiiona kuwa duni, na kweli si ushairi wa kumkosesha mtu usingizi. Lakini inatuhusu. Ndani yake mwanamke Mwafrika anaitwa mjumbe mweusi aletaye majira ya maua, kisha, katika mstari unaofuata, anaitwa mtumwa.

Mtumwa, mwaka wa 1865, mjini Paris. Ufaransa ilikuwa imefuta utumwa katika makoloni yake mwezi wa Aprili 1848, miaka kumi na saba kabla ya kitabu kile kuchapishwa (iliwahi kuufuta pia mwaka wa 1794, Napoleon wa kwanza akaurudisha mwaka wa 1802). Katika mitaa ya kaskazini ya Paris, karibu na karakana ya Manet, waliishi watu weusi huru waliofanya kazi kwa ujira. Mwanamke aliye katika picha alikuwa mmoja wao. Katika daftari lake Manet aliandika jina lake, Laure, akaandika kwamba ni mweusi na mzuri sana, na akaandika anwani: nambari 11, mtaa wa Vintimille, orofa ya tatu. Basi rafiki wa Manet alimwita mtumwa mtu ambaye Manet mwenyewe alikuwa na anwani yake.

Kiswahili kinatulazimisha tuchague hapa pia. Je, tumwite mjakazi au mtumishi? Mjakazi, kwa watu wa pwani, ni neno lenye historia nzito: ni mtumwa wa kike, na matumizi yake kwa mwanamke wa kazi za nyumbani anayelipwa mshahara hayajaacha kuuma masikio ya wazee. Mtumishi ni mtu mwenye mkataba, hata kama mkataba ni wa mdomo tu. Shairi la Astruc linasema mjakazi. Picha inasema mtumishi. Gauni la Laure ni la Kizungu, la mwanamke wa kazi wa mjini, halina uhusiano na wale wanawake weusi waliochorwa vifua wazi, kwa hariri na dhahabu, katika picha za mahareemu ambazo Wafaransa walizipenda mno karne hiyo. Kitambaa cha kichwani chaweza kuashiria asili ya visiwa vya Karibi. Zaidi ya hapo amevaa kama mtu wa leo yake. Manet aliyemvua Venus umungu alimvua na mtumishi wa Venus ugeni wa kubuni. Uhalisia wa picha uko katika miili yote miwili, na kisingizio kilichofukuzwa mlangoni kilirudi kwa dirisha la shairi.

Kwa nini basi hili lisionekane? Jibu linaanzia kwa mtu aliyeitetea picha kuliko wote. Mwezi wa Januari 1867 Emile Zola, akiwa bado kijana wa miaka ishirini na sita, alichapisha makala marefu juu ya Manet. Utetezi wake ulikuwa mwerevu. Aliwaambia wapinzani kwamba walikuwa wakitafuta fikra mahali ambapo palikuwa na rangi tu: mchoraji alihitaji mwili mweupe akamweka mwanamke, alihitaji mabaka yenye mwanga akaweka maua, alihitaji mabaka meusi akaweka paka na mwanamke mweusi kwenye kona. Nimefupisha, ila mpangilio ni wake. Paka na Laure wanahesabiwa pamoja, katika pumzi moja, kwa kuwa wana kazi moja katika fani.

Zola tunayemjua baadaye ni mwandishi wa Nana na Germinal, mtu asiyeficha maudhui hata kidogo. Lakini mwaka wa 1867 alihitaji kumwokoa rafiki yake na shutuma za uchafu, na njia fupi kuliko zote ya kuiokoa kazi inayoshutumiwa kwa maudhui ni kudai kwamba haina maudhui. Njia hiyo tunaijua. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Rosa Mistika mwaka wa 1971, riwaya ile ilishutumiwa kwa uwazi wake juu ya mambo ya ngono na ikapigwa marufuku shuleni nchini Tanzania kwa muda. Walioitetea nao walikuwa na uchaguzi: wasifu muundo na mtindo, au waseme kwamba uwazi ule ndio uliobeba ukweli wa mambo. Utetezi wa kwanza hupata suluhu upesi. Wa pili humlazimisha mhakiki aingie chumbani pamoja na wahusika.

Utetezi wa Zola ulishinda. Manet alifariki mwaka wa 1883. Olympia ilikuwa bado nyumbani kwake, haijanunuliwa. Ilipoonyeshwa tena katika Maonyesho ya Dunia ya mwaka wa 1889 na fununu zikaenea kwamba tajiri wa Kimarekani anaitaka, Claude Monet alipitisha mchango kwa marafiki na wapenzi wa sanaa, zikakusanywa karibu faranga 20,000, picha ikanunuliwa kwa mjane wa Manet na kupewa taifa mwaka wa 1890. Ilikaa kwanza katika Makumbusho ya Luxembourg. Mwaka wa 1907, Georges Clemenceau akiwa waziri mkuu, ikaingia Louvre. Wakati huo wachoraji walikuwa wamekwisha kuigeuza kuwa shule: Cézanne aliijibu kwa Olympia yake ya kisasa, iliyoonyeshwa mwaka wa 1874, Gauguin akainakili mwaka wa 1891, Picasso akaifanyia dhihaka mwaka wa 1901. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1960, Clement Greenberg, katika insha yake maarufu juu ya uchoraji wa kisasa, alimtaja Manet kuwa mwanzilishi kwa sababu picha zake zilikubali bila kuficha kwamba turubai ni kitu bapa. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Manet kweli aliondoa vivuli vya kati, akaweka mwanga na giza ana kwa ana, na ndiyo maana ngozi ya Olympia iliwaonekea watu wa 1865 kama iliyokatwa kwa karatasi. Ila katika maelezo ya namna hii ubapa huwa na historia, na wanawake waliomo ndani yake hawana.

Mwaka wa 1985 T. J. Clark alitoa kitabu chake juu ya uchoraji wa maisha ya kisasa, akauvunja ukuta huo kwa upande mmoja. Alionyesha kwamba kilichochukiza ni tabaka: Olympia ni mwanamke wa kazi, na mwili wake unakataa kujifanya kitu kingine. Nionavyo, bado hakuna sura bora zaidi kuhusu upokezi wa picha hii. Hata hivyo, sura hiyo inapita kurasa nyingi ikimhusu mwanamke wa kitandani na kumgusa yule wa pili kwa juujuu, na Clark mwenyewe, katika dibaji ya toleo la 1999, aliyakubali malalamiko hayo. Kumbe hata uhakiki wa kitabaka, uliokuja kuyarudisha maudhui, ulikuja na orodha ya maudhui iliyokwisha kuandikwa.

Waliomsogeza Laure mbele ni wengine. Mwaka wa 1992 msanii Lorraine O'Grady alichapisha insha iliyoanzia kwa mtumishi wa Olympia na kuuliza wanawake weusi wamewekwa wapi katika sanaa ya Magharibi. Denise Murrell aliyafanya maswali ya aina hiyo kuwa utafiti wa shahada ya uzamifu, na kutokana nao yakafanywa maonyesho katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka wa 2018, kisha Orsay mwaka wa 2019, ambako kwa muda wa maonyesho Olympia ilipewa jina la Laure. Mwaka wa 1992 pia Eunice Lipton alichapisha kitabu kuhusu Victorine Meurent, mwanamke aliyekaa kitandani ili achorwe, ambaye vizazi vya wanahistoria vilimwandika kuwa mlevi aliyepotelea mitaani. Ikabainika kwamba alikuwa mchoraji, kwamba kazi zake zilikubaliwa katika Salon zaidi ya mara moja kuanzia mwaka wa 1876, na kwamba aliishi hadi 1927. Si ajabu kwamba Victorine alipata wasifu na Laure akabaki na mstari mmoja wa daftari. Kumbukumbu za Paris ziliwaandika maskini; hazikuwaandika sawasawa.

Sitaki msomaji adhani kwamba ninamtakasa Manet kwa kuwalaumu wahakiki. Wako wanaoshikilia kwamba Laure yupo pale kama ishara iliyozoeleka, kwamba mtu mweusi katika picha za namna hiyo alikuwa alama ya ngono, na kwamba mchoraji aliitumia alama hiyo bila kuihoji. Hawakosi ushahidi. Tazama rangi. Gauni la Laure limepewa mwanga wote, likakaa katika ukoo mmoja na shuka na karatasi ya maua. Uso wake umewekwa mbele ya ukuta na pazia jeusi, nao unazama. Katika nakala zilizochapishwa bila rangi, ambazo ndizo wengi wetu tulizotumia kwanza, hubaki gauni linalotembea na shada. Zola alipoona baka jeusi hakuwa akibuni kitu. Alikuwa akikosea tu kudhani kwamba baka halina maana.

Tena haiwezekani kusema kwamba Manet hakujua kuchora uso mweusi kwa mwanga wa kutosha. Katika muda ule ule alimchora Laure peke yake, katika picha ndogo ambayo sasa imo katika mkusanyiko wa Agnelli mjini Turin. Hana shada wala bibi wa kumhudumia. Kitambaa kiko kichwani, mkufu shingoni, mabega wazi, na uso wake ndio unaoibeba picha nzima. Kwa miaka mingi picha hiyo iliitwa kwa neno la Kifaransa la kumtambulisha mtu kwa rangi yake tu. Katika maonyesho ya 2019 iliandikwa Picha ya Laure.